Kamera ya kazi au kamera ya mfukoni: mwanga, umbali na ahadi

Chukua kamera mbili, moja ya kitaalamu isiyo na kioo iliyofungwa lenzi nzito, na nyingine ndogo ya kuingia mfukoni, uzipeleke Forodhani saa saba mchana na kupiga nazo majahazi yaliyotia nanga. Picha hizo zikisafishwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4 na kuwekwa mezani bila ya maandishi, wapo wapiga picha wazoefu watakaoshindwa kusema ipi imetoka katika kamera ipi. Zipeleke kamera hizo hizo katika ukumbi wa harusi saa tatu usiku, bibi harusi akiwa amekaa jukwaani na mpiga picha amezuiwa kusogea karibu, na hapo hata mtu asiyewahi kushika kamera ataiona tofauti. Ndiyo maana swali la kamera ipi ni bora, ambalo vijana wengi wa Unguja na Pemba huliuliza kabla ya kutuma pesa Dubai, haliwezi kujibiwa likiwa peke yake. Linajibika pale tu mtu anapojua atapiga katika mwanga gani, atasimama umbali gani, na nani anazisubiri picha hizo.

Tuanze na kamera kubwa. Kamera za lenzi za kubadilisha za kizazi kilichopita zilikuwa na kioo kilichowekwa mshazari nyuma ya lenzi, kazi yake ikiwa ni kuurusha mwanga juu kwenye kitundu cha kuchungulia. Mpiga picha alipobonyeza kitufe, kioo kiliinuka na mwanga ukapita hadi kwenye filamu au, baadaye, kwenye kihisi cha kielektroniki. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya lenzi za kubadilisha iliyokiondoa kioo hicho na kumwonyesha mpiga picha, katika skrini ndogo iliyomo ndani ya kitundu, kile hasa ambacho kihisi kinakiona. Mwaka 2013 Sony, kwa kamera yake ya Alpha 7, ikauhamishia utaratibu huo kwenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ambacho wapiga picha hukiita fulu fremu, na mwaka 2018 Canon na Nikon nazo zikaingia na vihisi vya ukubwa huo.

Kuondoka kwa kioo kuliupunguza unene wa kamera. Kwa upande wa Canon, nafasi kati ya kihisi na mdomo unaofungiwa lenzi ilishuka kutoka milimita 44 hadi 20, na kwa Nikon ilishuka kutoka milimita 46.5 hadi 16. Wengi wakadhani kwamba mzigo wote umepungua kwa kiasi hicho, lakini lenzi ya tundu kubwa inayotakiwa kukifunika kihisi cha fulu fremu bado inahitaji vipande vipana vya kioo, na kioo kina uzito wake. Sony A7 IV (A7 ni kifupi cha Alpha 7) ina gramu 658; lenzi yake ya milimita 24 hadi 70 (huo ni urefu wa fokasi: ukiwa mkubwa, lenzi huvuta karibu zaidi) yenye tundu la f/2.8 (nambari ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), toleo la pili, ina gramu 695. Na ile ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu hilo hilo, toleo la pili pia, ina gramu 1,045. Huo ni mzigo wa kilo mbili na nusu kasoro kidogo, kabla ya kutia flashi, betri za akiba na chaja mkobani. Anayeagiza kamera isiyo na kioo kwa matumaini ya kutembea mikono mitupu, kisha akazinunua na lenzi hizo, amejiagizia mzigo ule ule wa zamani.

Kamera za mfukoni nazo si za aina moja, na makosa mengi ya manunuzi huanzia hapa. Ziko zenye kihisi kidogo mno cha takriban milimita 6 kwa 4.6, ambazo miaka ya 2000 zilikuwa katika kila nyumba. Ziko zenye kihisi kinachoitwa cha inchi moja, kama vile Sony RX100 iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2012 na ndugu zake waliofuata. Na ziko zenye kihisi cha APS-C, cha takriban milimita 23.5 kwa 15.6, sawa na kile kilichomo katika kamera nyingi za kati za lenzi za kubadilisha. Humo mna Ricoh GR III yenye gramu 257, na Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 yenye gramu 521, ambayo kwa kweli ni ya mfuko wa koti kuliko wa shati.

Aina ya kwanza simu zimeshaiua. Kwa takwimu za jumuiya ya watengenezaji kamera wa Japani, kamera za dijiti zilizosafirishwa kutoka viwandani mwaka 2010 zilizidi milioni 120, na mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Sehemu kubwa kabisa ya anguko hilo ni kamera hizo ndogo. Simu nzuri ya leo hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, na kwa njia hiyo huishinda kamera yenye kihisi cha ukubwa unaokaribiana na wake. Sioni sababu ya mtu kutoa fedha yake kwa kamera ya aina hii, hata ikiwa imeandikwa megapikseli nyingi namna gani kwenye boksi, isipokuwa kwa kazi moja: kuingia nayo majini. OM System TG-7, kwa mfano, huzama hadi mita 15 bila ya kifuniko cha ziada, na kwa anayewapeleka wageni kutazama matumbawe Mnemba au Misali hilo ni jambo kubwa kuliko ubora wa picha za usiku.

Hizo nyingine mbili ndizo zinazostahili kulinganishwa na kamera kubwa, na ulinganisho wa haki huanza na eneo la kihisi. Neno inchi moja lisimdanganye mtu. Limerithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani, na kihisi chenyewe kina milimita 13.2 kwa 8.8 tu. Ukizidisha, unapata milimita za mraba 116. Fulu fremu ina 864. APS-C ina kama 367. Kwa hiyo, lenzi mbili zikiwa na nambari ya f moja na shata, yaani pazia linaloupitisha mwanga hadi kwenye kihisi, ikifunguka kwa muda ule ule, fulu fremu hukusanya mwanga mara saba na zaidi kuliko kihisi cha inchi moja. Mwanga unapokuwa mchache, upungufu huo ndio unaogeuka chengachenga katika vivuli, ngozi inayoonekana kama iliyopakwa unga, na nguo nyeusi iliyopoteza mikunjo yake yote.

Megapikseli hazimo katika hesabu hii. Karatasi ya A4 iliyosafishwa vizuri hutosheka na megapikseli 9, na kamera zote ninazozilinganisha hapa, ukiiacha ile ya majini yenye 12, zina 20 au zaidi.

Turudi ukumbini, kwa sababu ndipo pesa ya wapiga picha wetu wengi ilipo. Taa kubwa zimezimwa, zimebaki zile za mapambo zinazobadilika rangi. Mwanga wa namna hiyo mara nyingi hudai ISO 3200 (ISO ni kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga, na kikipanda chenga huongezeka), tundu la f/2.8 na shata ya 1/125 ya sekunde. Chini ya kasi hiyo mkono unaopokea pete hutoka umetikisika. Mwenye fulu fremu na lenzi ya milimita 70 hadi 200 anaweza kusimama nyuma ya safu za viti, pembeni ambako hawazibii wazee, akaupata uso wa bibi harusi, hina ya vidoleni na machozi ya mama yake, yote kwa ISO hiyo hiyo. Mwenye RX100 VII, ambayo zumu yake hufika mahali pa milimita 200, anaweza kuupata ukaribu ule ule kwa kamera ya gramu 302. Hata hivyo, zumu hiyo ikifika mwisho tundu lake ni f/4.5, na kwa kuwa nambari ya f ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, nambari inapopanda mwanga unaopita unapungua. Kutoka f/2.8 hadi f/4.5 mwanga hupungua mara mbili na nusu, na ISO hulazimika kupanda hadi karibu 8000. Ongeza hapo ile tofauti ya eneo la kihisi: kwa jumla kamera kubwa imekusanya mwanga kama mara 19 zaidi, na chenga za picha ya kamera ndogo zinafanana na zile ambazo fulu fremu ingezitoa kwa ISO ya karibu 60,000. Ziko programu za kompyuta zinazosafisha chenga kwa ustadi mkubwa siku hizi, lakini nyuzi za dhahabu za vazi la bibi harusi zikishapotea, programu hubuni nyingine mahali pake, na mwenye vazi lake analijua.

Hapo sasa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi mara nyingi. Fujifilm X100VI ina tundu la f/2. Kihisi chake ni chini ya nusu ya fulu fremu kwa eneo, lakini tundu hilo hupitisha mwanga karibu mara mbili ya f/2.8, na ukizipiga hesabu hizo mbili pamoja utakuta kuwa kwa jumla ya mwanga inakaribia sana kamera kubwa yenye lenzi yake ya zumu ya f/2.8. Giza la ukumbi haliishindi. Kinachoishinda ni umbali, kwa sababu lenzi yake moja isiyobadilika huona kama milimita 35 ya fulu fremu, nayo Ricoh GR III huona kama milimita 28, na mpiga picha anayetaka uso ujae kwenye fremu lazima asogee hadi karibu kuugusa. Katika harusi ya ndugu yake wa damu atasogea na watu watacheka naye. Katika harusi ya watu aliokutana nao wiki iliyopita, upande wa wanawake, wenye shughuli yao hawatamruhusu, na wana haki.

Kuna pia suala la nyuma ya picha. Kumbi zetu nyingi zina viti vya plastiki, nyaya za spika na feni, na mteja anataka mtu wake aonekane na hayo mengine yafifie. Ufifiaji huo hutegemea upana halisi wa tundu la lenzi, na kamera yenye kihisi cha inchi moja, kwa f/2.8, hutoa kina cha picha sawa na kile ambacho fulu fremu hutoa kwa f/7.6. Kila kitu kinaonekana, hadi chapa iliyopigwa mgongoni mwa kiti. Kwa anayepiga bidhaa za duka au nyaraka hilo ni faida safi. Kwa picha ya mtu ukumbini ni hasara.

Nikiulizwa ni lini kamera kubwa inakuwa ya lazima, jibu langu haliko katika ubora wa picha hata kidogo. Inakuwa ya lazima pale mtu anapopokea malipo ya awali kwa tukio lisilorudiwa. Kamera za kazi kama A7 IV, Canon R6 Mark II au Nikon Z6 II zina nafasi mbili za kadi, na zikipangwa hivyo kila picha inaandikwa kotekote kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, nikaha ya watu haijapotea. Kamera ya mfukoni ina nafasi moja. Betri ya A7 IV imepimwa kwa picha zaidi ya 500 kwa chaji moja, na ile ya GR III kwa picha 200 hivi, na shughuli ya Kizanzibari huanza mchana kwa nikaha na kuendelea hadi usiku. Kamera kubwa hukaa na flashi yenye nguvu inayogeuzwa kuelekea dari ili mwanga uanguke kwa upole. Ikirikodi video ndefu, mwili wake mpana hulitoa joto, ilhali ile ndogo, katika joto letu la Februari, huweza kujizima yenyewe wakati sheikh hajamaliza dua. Anayempa mtu ahadi ya kumpigia harusi akiwa na kamera ya kadi moja na betri moja anaiweka rehani siku ya wenzake, na naona si uungwana kuipokea pesa hiyo.

Tahadhari moja kwa wenye kamera kubwa mpya: shata ya kielektroniki isiyotoa sauti huvutia sana msikitini na ukumbini, lakini chini ya taa za LED za bei nafuu huacha michirizi ya mistari kwenye picha, kwa kuwa taa hizo huwaka na kuzima kwa kasi wakati kihisi kikisomwa mstari kwa mstari. Kwenye taa za namna hiyo, tumia shata ya kawaida. Kamera za mfukoni zilizotajwa hapa zina shata ndani ya lenzi yenyewe, ambayo ikizimwa milio ya bandia haisikiki kwa mtu aliye hatua mbili mbele, wala haina tatizo hilo la mistari kwa kiasi hicho.

Shata hiyo ya ndani ya lenzi ina faida nyingine inayotuhusu sisi kuliko watu wa nchi za mawingu. Mchana wetu ni mkali. Mzee aliyesimama kando ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi huko Wete, kofia kichwani na jua utosini, uso wake umo gizani na jamvi linang'ara. Ukipima kwa uso, karafuu zinaungua kwa weupe, ukipima kwa karafuu, uso unakuwa kivuli. Dawa yake ni flashi ndogo ya kuujaza uso. Sasa tazama hesabu: kwa ISO 100, jua hilo linataka f/11 kwa 1/250 ya sekunde au, kwa kiasi kile kile cha mwanga, f/4 kwa 1/2000. Kamera nyingi kubwa, kwa sababu ya shata yao ya mapazia mawili yanayofukuzana, haziwezi kupatana na flashi zaidi ya 1/250 au hata 1/200, hivyo flashi inalazimika kupenya tundu dogo la f/11 na inahitaji nguvu mara nane ya ile ambayo ingetosha kwa f/4. Ipo njia ya kuilazimisha flashi iendane na shata ya kasi zaidi, lakini hutafuna nguvu ya flashi na betri zake. Kamera yenye shata ndani ya lenzi haina kikwazo hicho. X100VI, yenye flashi yake ndogo mwilini na shata inayofika 1/4000, humtoa mzee yule sura yake yote pamoja na rangi ya karafuu, kwa kitu kinachoning'inia shingoni bila ya kumchosha mtu.

Na mzee mwenyewe ataonaje? Hapa naandika kwa hisia, kwa kuwa naliona jambo hili likidharauliwa. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu hapo wanawake wa Paje na Jambiani, wakiwa wameinama kwenye maji ya magotini kufunga vichipukizi kwenye kamba, wamepigwa picha na kila aina ya mgeni mwenye lenzi ndefu aliyesimama mchangani bila hata ya kuwaamkia. Kwa hiyo kamera kubwa inapotokea, hata mikononi mwa kijana wa kijiji kile kile, swali linakuja mapema: "Picha hizi unazipeleka wapi, mwanangu?" Ni swali la haki na lina jibu lake, lakini kamera yenyewe imeshaanzisha mazungumzo kwa mguu mbaya. Kamera ndogo inakaa mfukoni wakati kijana anatoa shikamoo, anauliza hali, anasaidia kubeba gunia. Inatoka baada ya ruhusa, inapiga, inarudi. Anayeinunua kwa nia ya kuwapiga watu bila wao kujua amekosea kitu kikubwa kuliko kamera, na mwanamke aliyekataa amekataa, awe ameona lenzi ya kilo au ya gramu 250.

Katika utalii wa wanyama umbali unaamua haraka. Kima punju wa Jozani wamezoea watu na mara nyingi hukaa matawi ya chini. Zumu ya RX100 VII inawatosha kwa mwanga wa asubuhi uliopenya majani, bila ya mtu kukiuka masafa anayoambiwa na muongozaji. Popo wa Pemba, wanaolala wakining'inia juu kabisa ya miti mirefu ya Kidike, ni habari nyingine. Hapo inatakiwa milimita 400 au zaidi, ambazo hakuna kamera ya mfukoni yenye kihisi kizuri inayozifikia. Lenzi ya Canon ya milimita 100 hadi 400 kwa kamera zisizo na kioo ina gramu 635 tu, kwa kuwa tundu lake ni dogo, na kwa anga la mchana linatosha. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba nao upigwe kwa lenzi ndefu, kwa usalama wa mpiga picha.

Sasa bahari, ambayo haimhurumii yeyote. Chumvi inayopeperushwa na kusi hutua juu ya kila kitu kilicho pwani, na mchanga wa Nungwi ni laini kama unga. Kamera nyingi za mfukoni zina lenzi inayochomoza na kurudi ndani kila inapowashwa na kuzimwa. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye mrija huo, meno yake ya plastiki hukwama na kamera hukataa kufunguka. Wala GR III wala RX100 VII haina kinga ya maji na vumbi, na X100VI huipata tu ikitiwa pete na kichujio vya kununua mbali. Kamera za kazi nyingi zina mipira ya kuzuia vumbi na matone kwenye viungo vyake, pamoja na lenzi zake za bei ya juu. Kwa upande mwingine, mwenye kamera kubwa anayebadilisha lenzi ufukweni anakiacha kihisi wazi mbele ya upepo, na hapo mwenye kamera ya mfukoni yuko salama zaidi. Ila vumbi likishaingia ndani ya kamera ya mfukoni halitoki kwa mkono wa mwenyewe. Ile kubwa unafungua lenzi na kukipuliza kihisi kwa kipulizio cha mpira. Ndogo inataka fundi wa kuifungua yote.

Unyevu ni adui mtulivu zaidi. Wakati wa masika kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini, hasa ikiwa kwenye mkoba wa ngozi, na utando wake hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Kontena la plastiki lenye mpira wa kuziba, ndani yake vifuko vya silika na kipima unyevu kidogo, hewa ikibakia kati ya asilimia 40 na 50, linatosha kwa kamera ya aina yoyote. Na anayetoka na kamera kwenye chumba cha kiyoyozi aifunge kwanza ndani ya mfuko wa plastiki hadi ipate joto la nje, kwani umande unaotua juu ya kioo baridi hutua na ndani vilevile.

Bei imebaki mwisho kwa makusudi. A7 IV ilipotoka iliuzwa Marekani kwa karibu dola 2,500 bila ya lenzi, na lenzi yake ile ya milimita 24 hadi 70 kwa karibu dola 2,300. RX100 VII ilitoka kwa karibu dola 1,200, GR III kwa 900 na X100VI kwa 1,600. Anayeanza kazi ya harusi kwa fedha ya mkopo asiige mkoba wa mtu aliyekwisha kukaa miaka kumi kazini. Fulu fremu iliyotumika ya kizazi kilichopita yenye nafasi mbili za kadi, pamoja na lenzi moja ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ya Canon kwa kamera zisizo na kioo ilitoka kwa kama dola 200, humfikisha karibu na kazi hiyo kuliko kamera mpya ya kisasa iliyofungwa lenzi ya bei nafuu ya f/5.6 inayokuja nayo kwenye boksi. Mwili wa kamera hushuka thamani kila linapotoka toleo jipya. Lenzi nzuri hukaa na bei yake muda mrefu, na itahamia kwenye kamera ijayo. Kwa mwalimu wa skuli, mwandishi wa habari anayezunguka kwa daladala, au mzazi anayetaka kumbukumbu za watoto wake, ningemwambia bila kusita anunue ya mfukoni yenye kihisi kikubwa, kwa sababu kamera ya kilo mbili iliyobaki nyumbani haipigi kitu. Yeyote yule, aulize kabla ya kulipa kama dhamana ya kamera iliyonunuliwa Dubai inakubalika Tanzania, maana dhamana nyingi hufungwa kwa eneo la mauzo.

Ukinunua iliyotumika, usiipime kwa picha za muuzaji. Iwashe na kuizima mara kadhaa ukiwa umeisogeza sikioni: mrija wa lenzi ya mfukoni ulioingia mchanga hukwaruza, na mzima huteleza kwa mlio mmoja. Mulika tochi ya simu kupitia lenzi kutoka upande mmoja na uchungulie kutoka mwingine. Kuvu huonekana kama nyuzi za utando wa buibui pembezoni mwa kioo. Kisha funga tundu hadi nambari kubwa kabisa ya f, piga ukuta mweupe au anga bila ya kulenga kitu, na uikuze picha kwenye skrini kona kwa kona. Madoa meusi yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi juu ya kihisi. Kwenye kamera ya lenzi za kubadilisha hilo ni suala la kipulizio cha mpira na dakika chache, na bei inaweza kuzungumzwa. Kwenye kamera ya mfukoni hakikisha kwanza umempata fundi anayejua kuifungua aina hiyo, na gharama yake uitoe katika bei mliyokubaliana.